King'amuzi Kimoja, Vyumba Viwili: Televisheni na Kuta za Tabora

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 kwenye uwanja wa Azam Complex, Chamazi. Aliyekuwa Tabora na kutaka kuiona mechi ile mubashara ilimbidi awe karibu na king'amuzi cha Azam, maana haki za kuonyesha Ligi Kuu ziko kwa Azam Media kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa Mei 2021, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Lakini si kila mtu nyumbani anataka mpira. Siku hizi si ajabu kukuta nyumba ya Kanyenye, Gongoni au Cheyo ina televisheni mbili: flati sebuleni, na ile ya zamani, pengine ya chogo, iliyohamishiwa chumbani. King'amuzi ni kimoja, kiko chini ya flati. Sasa wa chumbani ataonaje?

Madukani kuna jibu linalouzwa ndani ya boksi: kifaa cha kurusha picha bila waya. Kipande kimoja unakichomeka nyuma ya king'amuzi, kipande cha pili nyuma ya televisheni ya chumbani, picha inavuka ukuta. Kwenye boksi umechorwa mshale unaopita katikati ya nyumba, na chini yake umbali wa mita 50, mita 100, hata 200. Nitakiita kirushio. Msimamo wangu ni kwamba wanunuzi wengi wa kirushio wanajibiwa swali ambalo hawakuuliza, na kwamba kwa nyumba za Tabora jinsi zilivyojengwa, hata swali ambalo kinalijibu mara nyingi waya hulijibu vizuri zaidi. Pale kinapofaa kwa kweli, ni mahali ambapo boksi halipaonyeshi.

Tuanze na king'amuzi chenyewe. Dishi linapokea chaneli nyingi kwa pamoja, ila king'amuzi cha kawaida kinachagua mkondo mmoja, kinaufungua kwa kadi, kisha kinatoa picha moja. Picha hiyo inaweza kutokea kwenye tundu la HDMI na kwenye waya wa AV wenye ncha nyekundu, nyeupe na njano kwa wakati mmoja, lakini ni ile ile. Kirushio kinachukua kilichotoka. Kwa hiyo sebuleni wakiwa na mpira, chumbani nako ni mpira. Mama aliyenunuliwa kirushio ili aangalie tamthilia yake ya Kituruki kwa amani atajikuta anaangalia kona zile zile, safari hii akiwa amejilaza.

Tena kuna rimoti. Mwanga wa infraredi unaotoka kwenye rimoti haupenyi ukuta, kwa hiyo virushio vingi vinakuja na kijicho kidogo chenye waya: kipokezi cha chumbani kinaipokea amri ya rimoti, kinaigeuza kuwa mawimbi ya redio, kisha kijicho kinaimulika upya mbele ya king'amuzi. Ni ufundi mzuri. Matokeo yake ni kwamba aliyeko chumbani sasa ana uwezo wa kubadilisha chaneli ya sebuleni wakati mpiga penalti anarudi nyuma kuchukua mbio. Ugomvi uliokuwa wa chumba kimoja umepata nyumba nzima.

Anayetaka chaneli tofauti katika kila chumba anahitaji king'amuzi cha pili, LNB (kichwa cha dishi) yenye matundu mawili, waya wa pili kutoka kwenye dishi, na kwa kawaida malipo ya pili kila mwezi. DStv ina mpango wa XtraView unaounganisha ving'amuzi viwili chini ya akaunti moja kwa ada ya nyongeza, na hata huo unategemea waya wa kuviunganisha. Hakuna mawimbi ya dukani yanayokwepa hesabu hii.

Lakini kabla ya kukata tamaa, inafaa kuuliza ni chaneli gani inayotakiwa chumbani. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar, na kwa muda mrefu picha ilikuja kwa antena ya kawaida juu ya mti. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa ikafuata kwa awamu. Watu wengi walitoka katika zoezi lile wakiamini kwamba antena imekufa na kwamba bila dishi na malipo hakuna televisheni. Si kweli. Minara ya ardhini inaendelea kurusha chaneli za bure kwa mfumo wa kidijitali, na mwaka 2018, chaneli hizo zilipoondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya dishi, nyumba nyingi zililazimika kuwa na vitu viwili: dishi kwa ajili ya ligi na king'amuzi cha antena kwa ajili ya taarifa ya habari. Flati nyingi zinazouzwa sasa zina kipokezi cha mfumo huo, DVB-T2, ndani yake. Televisheni kama hiyo ikiwekwa chumbani na kuchomekwa antena, inajipatia chaneli za bure yenyewe, bila kumuuliza wa sebuleni anaangalia nini. Mnara umeshaifanya kazi ya kirushio, tena kwa nguvu ambayo kifaa cha mezani hakiwezi kuifikia. Inanishangaza kuona mtu analipia kifaa cha kuhamisha TBC1 kutoka sebuleni kwenda chumbani wakati TBC1 tayari iko chumbani, inasubiri antena tu.

Basi tubaki na wale ambao kweli wanataka picha ile ile mahali pa pili. Wapo. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kochi. Mwenye duka la mbele ambaye hataki kuukosa mpira wala wateja. Wapishi walioko uani. Kwao swali ni la ukuta.

Kilomita chache nje ya mji, Kwihara, lipo tembe ambalo sasa ni makumbusho ya Livingstone. Mwaka 1872 msafiri huyo alikaa hapo kuanzia Februari mpaka Agosti. Stanley, aliyekuja kumtafuta, aliondoka Machi kurudi pwani, naye Livingstone akabaki kungoja wapagazi watakaotumwa kutoka huko. Kabla yao wasafiri Burton na Speke walifika Kaze, kama mji ulivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, wakapokelewa katika nyumba za aina hiyo hiyo za wafanyabiashara Waarabu. Tembe ni kuta nene za udongo, paa bapa la udongo juu ya miti, na ua katikati. Ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya joto la Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora: mchana ndani kuna ubaridi kwa sababu udongo ni mwingi. Udongo huo mwingi ndio unaoyala mawimbi ya redio. Anayetaka kuelewa kwa nini mita 100 za kwenye boksi ni mita za uwanja wa mpira na si za nyumba, asimame katika chumba cha Kwihara aone unene wa ukuta kwenye fremu ya mlango.

Nyumba za leo za Tabora hazina unene huo, lakini hazijaachana na udongo. Ni matofali ya kuchoma au mabichi, plasta ya saruji, nondo madirishani, bati juu. Virushio vya zamani vilitumia masafa ya gigahezi 2.4, vya sasa vingi vinatumia gigahezi 5. Mtu husikia 5 akadhani ina nguvu kuliko 2.4. Ni kinyume chake: kwa antena za aina ile ile na umbali ule ule, kipokezi cha gigahezi 5 hupata karibu robo tu ya nguvu ambayo kingepata kwa 2.4, na hapo ukuta haujatoza ushuru wake. Ukuta wa tofali nao huyapunguza zaidi masafa ya juu kuliko ya chini. Faida ya 5 ni kwamba hewani kuna nafasi zaidi, 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, na ruta, simu na spika za Bluetooth zote zinagombea humo. Katika mtaa wa Dar es Salaam wenye ruta kila dirisha hoja hiyo ina uzito. Ipuli au Kiloleni, ambako hewa bado ina nafasi, tatizo kubwa ni ukuta.

Na ukuta wenyewe haukai hali moja mwaka mzima. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kwenda mpaka Aprili, kisha hufuata miezi mirefu mikavu. Tofali bichi lisilopigwa plasta vizuri hunywa maji, na maji hufyonza mawimbi ya masafa haya kwa bidii. Kirushio kilichofungwa Agosti kikafanya kazi kwa shida kinaweza kuanza kukatakata picha Januari bila kuguswa na mtu. Fundi ataitwa, atakisia adapta, atabadilisha waya, atalaumu mtengenezaji. Wakati huo ukuta umelowa.

Juu ya ukuta kuna habari njema ambayo sijaiona kwenye maelekezo ya kifaa chochote, kwa sababu walioyaandika hawajengi kama sisi. Katika nyumba nyingi zetu kuta za ndani huishia kwenye lenta au juu yake kidogo. Kati ya hapo na bati pako wazi, na ndiyo maana mkoromo wa chumba kimoja husikika chumba cha tatu. Mawimbi nayo hupita humo, tena bati huyarudisha chini badala ya kuyaacha yapotee angani. Dari ya jipsamu ikiwekwa haibadilishi mengi, kwa kuwa jipsamu huyapunguza kidogo tu. Kwa hiyo kirushio kisiwekwe chini nyuma ya flati, ambako paneli ya chuma ya televisheni yenyewe inakiziba. Kipandishwe juu, karibu na lenta, na kipokezi vivyo hivyo. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, njia nzuri ni ukumbi: milango ya mbao haizuii sana. Vinavyozuia ni friji, kabati lenye kioo kikubwa (mgongo wa kioo una utando wa madini) na mlango wa geti la chuma.

Tuseme ukuta umeshindwa. Bado kuna wingi wa picha yenyewe. Picha ya 1080p ya fremu 60 kwa sekunde, ikitoka ghafi kwenye HDMI, ni takriban gigabiti 3 kila sekunde. Wapo waliojaribu kuirusha karibu na hali hiyo: mfumo wa WirelessHD uliotangazwa mwaka 2008 ulitumia gigahezi 60, na mawimbi hayo hayavuki ukuta kabisa, hata mtu akipita mbele yake picha inaweza kukatika. Ulikuwa mfumo wa chumba kimoja. Kirushio cha bei ya kawaida hakina uwezo huo, kwa hiyo kinaikandamiza picha upya mpaka megabiti chache, kinairusha, na upande wa pili kinaifungua. Kazi hiyo inachukua muda, sehemu ndogo ya sekunde au zaidi. Kwa tamthilia haina maana. Kwa mpira sebule itapiga kelele kabla chumbani mpira haujafika langoni, na aliye jikoni na redio ya TBC Taifa pengine atakuwa ameshangilia kabla ya wote wawili.

Kuna pia kufuli. HDMI inabeba ulinzi uitwao HDCP: king'amuzi kinauliza kifaa kilicho mbele yake kama kinaruhusiwa, na kisiporidhika kinatoa kioo cheusi. Mnunuzi anadhani kauziwa kifaa kibovu. Waya wa AV wa rangi tatu hauna kufuli hiyo, picha yake si kali, lakini inapita. Hapa televisheni ya chogo, inayochekwa na kila mtu, inapata ushindi wake.

Waya basi. AV ya mita 15 iliyo imara, ikipitishwa juu ya lenta kwa vishikizo vya misumari, inafanya kazi masika na kiangazi. HDMI ya kawaida huanza kuyumba baada ya mita 10 hivi. Zaidi ya hapo kuna vifaa vya kuipitisha kwenye waya wa mtandao, na hivyo huenda mita nyingi zaidi. Waya hauhitaji adapta mbili za ziada. Jambo hilo si dogo. Virushio vingi huchukua umeme wa volti 5 kwa USB, na watu huvichomeka kwenye tundu la USB la televisheni, ambalo mara nyingi hutoa nusu ampia tu. Kifaa kinawaka taa, kinaonekana kizima, kisha kinajizima kila picha inapokuwa nzito. Na huko Sikonge, Kaliua au vijiji vya Uyui, ambako nyumba inaendesha televisheni ya volti 12 kwa sola, kila wati unaoongezwa unakatwa kwenye saa za usiku.

Filamu ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo mawimbi yanapoweza kufanya kile ambacho king'amuzi kimekataa. Sinema nyingi zinazoangaliwa mitaani haziji kwa dishi. Zinakuja kwa flashi iliyojazwa kibandani, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa mtindo uliopewa umaarufu na mtafsiri wa filamu Lufufu. Njia ya bei rahisi ya kuihamisha filamu kutoka sebuleni kwenda chumbani ni kuchomoa flashi na kutembea. Lakini ruta yenye tundu la USB inaweza kuishika flashi hiyo na kuigawa kwa televisheni zote zenye Wi-Fi kwa utaratibu wa DLNA, ambao chanzo chake ni mwaka 2003. Wa sebuleni anafungua filamu ya kivita, wa chumbani katuni, kwa wakati mmoja, kutoka kwenye flashi moja. Filamu ya saa mbili yenye ukubwa wa gigabaiti 1.4 inahitaji wastani wa megabiti 1.6 tu kwa sekunde, karibu mara 1,900 pungufu ya ile HDMI ghafi, na ruta ya kawaida inaibeba hata kupitia tofali la kuchoma.

Na haili bando. Hili linahitaji kusemwa polepole kwa sababu hofu ya bando inawafanya watu wazime Wi-Fi hata pale isipotumia intaneti. Ruta isiyo na laini ya simu ndani yake bado ni ruta. Inaunganisha vifaa vya nyumbani kwa nyumbani. Simu inayoonyesha video iliyohifadhiwa ndani yake kwenye televisheni kwa Miracast, mfumo wa mwaka 2012, haigusi bando. Kinachogusa bando ni video inayotoka nje. Ukiituma YouTube kwenye televisheni kwa mtindo wa Chromecast, simu inabaki kuwa rimoti na televisheni ndiyo inayovuta video kutoka kwenye intaneti. Televisheni mbili zikivuta, bando linaliwa mara mbili. Ukiakisi kioo cha simu, inavuta simu peke yake, mara moja.

Lipo pia suala la jirani. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, wazo la kuweka king'amuzi kimoja na kuwarushia wapangaji wote kwa mchango linakuja lenyewe. Malipo ya king'amuzi ni ya matumizi ya familia, na kuwauzia wengine matangazo ni kuingia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Vibanda umiza vimeizoesha mitaa kuona hilo ni jambo la kawaida. Si la kawaida kisheria. Virushio vya zamani vya analojia vilikuwa na shida ya upande wa pili: havikuwa na siri yoyote. Jirani mwenye kipokezi cha aina ile ile, kwenye chaneli ile ile, aliweza kuona unachokiangalia usiku.

Bidhaa hizi nyingi hutoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuja magharibi kwa mabasi na kwa reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, kisha zinaendelea Urambo, Kaliua na Kigoma. Gharama ya umbali huo hujitokeza kifaa kinapokataa. Garantii ya duka lililo zaidi ya kilomita 800 ni karatasi. Ndiyo maana namsihi mnunuzi amkubalishe muuzaji wa Tabora mwenyewe kifaa kijaribiwe nyumbani, mlango wa chumba ukiwa umefungwa, kabla ya kumaliza kulipa.

Mahali ambapo mimi ningetoa pesa ni uani. Nyumba nyingi zina banda la nyuma, anakokaa kijana mkubwa au mpangaji, likitazamana na dirisha la nyumba kubwa. Waya hapo si wazo zuri: ukiupitisha hewani kati ya majengo mawili, radi za Tabora zitautafuta, na zikiupata zitaondoka na king'amuzi na televisheni zote mbili. Kuuchimbia chini kunataka bomba na siku ya kazi. Kirushio cha gigahezi 5 kikiwekwa dirishani upande mmoja na kipokezi dirishani upande wa pili, mbali na nondo kadiri inavyowezekana, kinavuka mita 15 za uani kwa urahisi kuliko kinavyovuka ukuta mmoja wa tofali bichi Januari. Kijana ataona anachoona baba yake, na atakiona kwa kuchelewa kidogo. Akitaka tamthilia, anunue antena.